Muuguzi wa Chumba cha Upasuaji: Kutoka Mtungi wa Mvuke hadi Hesabu ya Shashi

Watu wengi wakisikia habari za operesheni humfikiria daktari mwenye kisu. Ni wachache wamfikiriao muuguzi.

Zamani sehemu kubwa ya kazi ya muuguzi huyo ilikuwa kupambana na vijidudu. Mwaka 1867 Joseph Lister, daktari Mwingereza, alieleza jinsi asidi ya kaboliki inavyozuia vidonda kuoza. Lakini dawa za namna hiyo zilikuwa kali mno. Huko Baltimore, Marekani, zilimchubua mikono muuguzi Caroline Hampton, hata daktari William Halsted akaagiza glavu nyembamba za mpira kwa ajili yake, katika majira ya baridi ya 1889 na 1890. Hivyo glavu zilianza chumbani humo kwa kuokoa mikono ya muuguzi, si kwa kumkinga mgonjwa!

Glavu hizo hazikutupwa. Kwa miongo mingi muuguzi alizifua, akazijaza hewa ili kutafuta matundu, akaziziba, akazipaka poda, kisha akazitia katika mtungi wa mvuke. Kwa nini asizichemshe tu? Bakteria wengine hujigeuza kuwa spora, zenye ganda gumu linalohimili maji yachemkayo kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Tena mahali pa juu kama Mbeya, kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi. Mvuke uliofungiwa kwa kanieneo kubwa hufikia nyuzi 121, na spora hufa kwa muda wa dakika 15.

Siku hizi glavu hutumika mara moja, na katika hospitali kubwa vyombo hutakaswa katika idara maalumu. Kuhesabu, kazi ambayo nayo ni ya zamani, kumepata uzito mpya. Wauguzi wawili huhesabu pamoja, kwa sauti, kila shashi na kila sindano, kabla ya operesheni na kabla ya jeraha kufungwa. Shashi iliyosahaulika tumboni huweza kuleta usaha na hata kifo. Ndiyo maana hutiwa uzi unaoonekana katika picha ya eksirei.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Vifo vilipungua kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100. Kwa orodha hiyo, muuguzi aliyezoezwa kukabidhi mkasi na kunyamaza hutakiwa kutamka mbele ya daktari bingwa kama hesabu imetimia, kabla mgonjwa hajatolewa chumbani.