Kabla ya kununua piki ya tereni: mambo niliyoyalipia dola 700

Ndugu zangu walisansie, na ninyi wadogo zetu mlio bado chuoni,

Mmesoma matangazo ya kazi ya waagronomi hapa kwetu? Diploma, uzoefu wa miaka miwili, kusema Mashi na Kiswahili, na chini kabisa mstari mmoja mfupi: kujua kuendesha pikipiki. Siku hizi mara ingine wanaongeza: mwenye piki yake atapewa nafasi ya kwanza.

Mimi ule mstari ulinigharimu dola 700. Nilikuwa nimepata mkataba wa miezi sita wa kufuata vikundi vya wakulima wa mihogo na maharagwe upande wa Walungu. Waliniambia wazi: piki ni yako, sisi tutalipa esanse. Mama akanipa zamu yake ya likelemba, dola 400, mimi nikaongeza 300 nilizokuwa nimeweka. Nikanunua DT 125 nyekundu, rangi inang'aa, kwa mtu aliyeletwa na rafiki wa rafiki. Akaniambia: «Leki, hii piki iko sawa mupya. Ilikuwa ya muzungu moya wa ONG, alikuwa anaiendesha siku ya yenga tu.»

Nikaamini. Wiki ya tano, kwenye kizuizi barabarani, afisa mmoja akainama, akafuta matope kwenye shasi, akasoma namba, akasoma karatasi yangu, kisha akaniangalia. Namba zilikuwa mbili tofauti. Piki ikabaki pale. Simu ya muuzaji ikazimika siku hiyo hiyo. Nilienda tereni wiki mbili kwa kulipa motari, mpaka pesa ya usafiri ikakaribia mshahara wenyewe, nikaacha kazi. Mama hajawahi kuniuliza zile 400. Hiyo njo inaniuma zaidi.

Basi leo nawaandikia yale ambayo ningependa mtu aniambie mbele. Kwa kifupi ni hivi: ukinunua piki iliyotumika, unanunua pia maisha yote iliyoishi kabla yako. Rangi haisemi kitu juu ya maisha hayo. Namba, karatasi na moteri baridi njo vinasema.

Piki gani kwa barabara zetu?

Ukitafuta kwenye intaneti piki za safari ngumu, utaonyeshwa BMW GS, Honda Africa Twin, Yamaha Ténéré. Ni mashine nzuri, na historia yao inapita Afrika. Cyril Neveu alishinda mbio mbili za kwanza za Paris-Dakar, 1979 na 1980, akiwa juu ya Yamaha XT500. Mwaka 1983 Yamaha ikatoa XT600Z, ikaiita Ténéré kwa jina la jangwa la Niger. Lakini nyingi za leo zinapita kilo 200. Ikilala kwenye matope uko peke yako, saa kumi na moja jioni, mvua inakuja, utaiinua na nani? Na ukivunja kipande kimoja, utakitafuta Bukavu kwa nani?

Kwetu piki ya safari ngumu ina majina mengine: Yamaha AG 100, Yamaha DT 125, Honda XL 125. Hizo njo ONG na miradi ya kilimo na afya wamezitumia miaka na miaka, na hizo njo utakutana nazo zikiuzwa.

AG 100 inatuhusu sisi waagronomi kwa jina kabisa. Zile herufi AG zinatoka kwenye neno la kilimo kwa Kingereza. Yamaha ilitengeneza piki za AG kwa wakulima na wafugaji wa Australia na New Zealand tangu miaka ya 1970. Angalia umbo lake utaelewa: sheni imefunikwa yote ndani ya boksi, matope hayaifikii. Ina kibebeo mbele na nyuma. Ina miguu ya kusimamia kushoto na kulia, ili uiegeshe hata kwenye mteremko. Uzito wake ni karibu nusu ya zile kubwa. Haina mbio, lakini shamba halikimbii.

DT 125 ni ndefu na nyepesi, ina nguvu zaidi, inapita mashimo vizuri. Tofauti na XL ni hii: AG 100 na DT 125 tunazozijua ni za taimu mbili, zinachoma mafuta ya 2T pamoja na esanse. XL 125 ni ya taimu nne, mafuta yake yanakaa chini ya moteri kama gari. XL inakunywa kidogo, lakini moteri yake ina vipande vingi zaidi vya kutengeneza.

Na tuseme ukweli: kama kazi yako ni mjini, au inaishia kwenye lami ya kwenda Kavumu, TVS au Boxer inakutosha. Vipande vyake viko kila kona na kila fundi anaijua. Usinunue piki ya tereni ili upige picha.

Kwanza karatasi, kisha moteri

Mimi nilifanya kinyume. Nilisikiliza moteri, nikafurahi, nikasoma karatasi baada ya kulipa. Hapana kufanya hivyo.

Piki ina namba ya shasi iliyopigwa kwenye chuma, sehemu ya mbele karibu na shingo ya gidoni. Moteri nayo ina namba yake chini, kwenye mwili wake. Beba kitambaa na taa ya simu. Futa matope, soma tarakimu moja moja, linganisha na karatasi. Kama pale kwenye namba chuma kimesuguliwa, au kuna rangi mpya mahali padogo pale tu, au herufi hazikai kwenye mstari mmoja, rudisha kitambaa mfukoni uende nyumbani. Bei ikiwa ndogo sana, nenda haraka zaidi.

Piki zilizotoka ONG zina swali lao. Nyingi ziliingia nchini bila kulipa ushuru wa forodha, kwa sababu ni za mradi. Ule msamaha ni wa mradi, haukufuati wewe. Ikiuzwa kwa mtu binafsi, ushuru unapaswa kusawazishwa kwa DGDA. Kwa hiyo uliza mambo matatu: karatasi ya mauzo yenye saini na muhuri wa shirika, namba ya shasi ikiwa imeandikwa ndani ya karatasi hiyo, na nani atalipa ushuru, wewe au wao. Kama jibu ni «tutaona mbele», hesabu kwamba ni wewe.

Kama muuzaji ni mtu wa pili au wa tatu baada ya shirika, omba karatasi za mauzo zote, tangu shirika mpaka kwake. Mnyororo ukikatika katikati, hujui piki imetoka wapi. Jina kwenye karatasi likiwa la mtu mwingine, mwambie amlete huyo mtu, au ampigie simu mbele yako. Andikeni karatasi ya mauziano na mashahidi wawili, namba za shasi na moteri ndani, na nakala ya kitambulisho cha muuzaji. Mimi nilikuwa na namba ya simu tu.

Gusa moteri kabla ya salamu kuisha

Ukifika, weka mkono karibu na moteri. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha kabla hujafika. Pengine alitoka sokoni, pengine anaficha kwamba asubuhi haiwaki. Sema kwa upole: «Yaya, nitarudi kesho asubuhi, hapana kuiwasha.» Mwenye piki nzuri hatakasirika.

Ikiwa baridi, fanya hivi kwa utaratibu:

Sukuma kiki polepole kwa mkono bila kuwasha. Lazima ikurudishe kwa nguvu. Ikishuka laini kama pampu iliyotoboka, kompresio imekwisha, na kuirudisha ni kazi kubwa ya kufungua moteri.

Toa buji uiangalie. Rangi ya kahawa yenye maziwa ni dalili nzuri. Nyeusi kavu, moteri inakunywa esanse kupita hewa. Hii kwetu inatokea pia kwa sababu ya urefu wa mlima: Bukavu iko karibu mita 1500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na karbiratere iliyopangwa kwa nchi ya chini inatoa esanse nyingi mno. Fundi anaweza kuisawazisha, kwa hiyo jambo hilo peke yake lisikukimbize.

Kwa ya taimu mbili, uliza juu ya pompi ya mafuta ya 2T. Je, bado inafanya kazi, au wameikata na wanachanganya kwa mkono ndani ya tanki? Kuchanganya siyo dhambi, lakini siku mtu mmoja akisahau, moteri inakauka na kukwama. Moshi kidogo wa bluu ni kawaida yake. Kwa XL moshi wa bluu siyo kawaida: moteri inachoma mafuta yake yenyewe. Toa pia kijiti cha mafuta. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa, maji yaliingia. Pengine iliwahi kuzama mtoni.

Vuta sheni nyuma kabisa kwenye meno ya gurudumu. Ikitoka ukaona nusu ya jino, sheni na meno vyote ni vya kubadilisha. Kwa AG fungua kile kifuniko kwanza. Sheni iliyofichwa njo inasahauliwa zaidi.

Inua gurudumu la mbele, zungusha gidoni taratibu, kisha tikisa miguu ya mbele na ya nyuma. Kitu kikigonga, kimelegea. Mafuta yakitiririka kwenye amortisere za mbele, sili zimekwisha. Gonga rayo za magurudumu kwa funguo: inayolia vizuri imekaza, inayosema «tak» imelegea. Mwisho tafuta sehemu zilizounganishwa kwa moto, hasa shingoni na chini ya kiti. Shasi iliyovunjika kisha ikapakwa rangi itavunjika tena pale pale, na safari hii wewe utakuwa juu.

Ipandishe mlima

Muuzaji atakuambia uzunguke kwenye sehemu tambarare. Kataa. Ipande kutoka chini ziwani kuelekea Kadutu, ukiwa na mtu nyuma, vitesi ya pili. Kwa hesabu ya haraka, moteri ya kawaida inapoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Hapa Bukavu tayari umepoteza karibu asilimia 15, na Walungu iko juu zaidi. Piki iliyochoka kidogo kwenye tambarare itakufia mlimani na mfuko wako wa mbegu.

Ukipanda, sikiliza kama ambrayaje inateleza: moteri inapiga kelele zaidi lakini piki haiongezi mwendo. Ukishuka, jaribu freni ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake. Anayetoka Ngomo na freni moja tu anajua ninachosema.

Kama hujui mambo haya, beba fundi wako mwenyewe na umlipe siku yake. Fundi aliyeletwa na muuzaji analipwa na muuzaji.

Pesa yote isiishie kwa muuzaji

Hapa njo wengi wetu tunaanguka, kwa sababu tunanunua kwa pesa ya kwanza ya maisha yetu. Una 700? Tafuta piki ya 500. Zile 200 ni za mafuta mapya, sheni, pine, buji mbili za akiba, kusawazisha makaratasi, na kaske. Kaske siyo ya baadaye. Nunua siku moja na piki.

Tena angalia msimu. Ukinunua mwezi wa saba wakati wa vumbi, kila piki inaonekana shujaa. Mvua zikirudi mwezi wa tisa, pine zilizolika na sheni iliyolegea zitajitangaza zenyewe.

Piki yangu ya pili

Mwaka uliofuata mradi mmoja ulikuwa unafunga, wakauza vifaa kwa bahasha zilizofungwa. Kulikuwa na AG 100 mbili. Moja ilikuwa safi, tanki jipya. Nyingine ilikuwa mbaya kabisa machoni: kiti kimepasuka, taa imefungwa kwa kamba ya baiskeli. Lakini ile mbaya ilikuwa na daftari la matengenezo, kila kubadilisha sheni kumeandikwa kwa kalamu, na namba zote zilikuwa sawa. Kompresio ilirudisha kiki vizuri. Niliandika 550, nikaipata. Nikaweka 170 kwa fundi. Ile safi ilichukuliwa na mtu mwingine kwa bei kubwa, na sijui imefikia wapi.

Ile yangu inanipeleka mpaka Mugogo siku za soko, na vikundi vyangu vya wakulima wananitambua kwa sauti kabla hawajaniona. Kila mwisho wa mwezi naweka dola 20 mkononi mwa mama. Yeye anasema, «Mwanangu, acha.» Mimi siachi. Zimebaki 60.