Kufungua Mafaili ya Ofisi Ukiwa Safarini

Yawezekana umetumwa safari ya kikazi, na usiku, ukiwa chumbani mwa hoteli ugenini, wahitaji kusoma faili lililobaki ofisini. Kompyuta unayo, na hoteli yakupa intaneti bure. Je, utaingia hivi hivi tu?

Mtandao wa hoteli ni kama kisima cha njiani: kila mpitaji huchota humo, nawe humjui aliyekutangulia. Mwaka 2014 kampuni ya Kaspersky ilitangaza habari za kikundi kilichopewa jina la Darkhotel, ambacho kwa miaka kadhaa kiliwavizia wakubwa wa makampuni katika hoteli za Asia. Mgeni alipojiunga na waifai ya hoteli, alitokewa na tangazo la kumtaka apokee toleo jipya la programu anayoijua. Akikubali, amemkaribisha mwizi.

Kwa ajili hiyo mafundi hujenga njia iitwayo VPN. Programu iliyomo katika kompyuta ya msafiri hupatana na mashine ya ofisini juu ya ufunguo wa siri, kisha kila neno lipitalo kati yao hugeuzwa fumbo. Aliyekaa meza ya pili ataona kwamba kuna kitu kinapita, lakini hataweza kukisoma.

Hata hivyo, njia hiyo nayo ina mlango. Mwezi Mei 2021 wahalifu waliivamia kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani, ambayo bomba lake hupeleka karibu nusu ya mafuta yatumiwayo katika pwani ya mashariki ya nchi hiyo. Waliingia kwa VPN ya kampuni yenyewe! Palikuwa na jina la mtumiaji lisilotumika tena, ambalo hakuna aliyelifunga. Nenosiri lake lilikuja kuonekana miongoni mwa yaliyokwisha kuvuja, na mlango haukudai kitu kingine. Mkuu wa kampuni aliwaeleza maseneta kwamba nenosiri hilo halikuwa jepesi. Lakini ugumu wa nenosiri una faida gani likiwa mkononi mwa mwizi? Bomba lilisimama siku kadhaa, watu wakapanga foleni kwenye vituo vya petroli, na kampuni ikalipa kikombozi cha dola milioni 4.4.

Basi, kabla ya kuondoka, mwombe fundi wa ofisi akuwekee hatua ya pili: baada ya nenosiri, mlango udai pia tarakimu zitokazo katika simu yako. Ijaribu njia hiyo ukiwa nyumbani, maana uwanja wa ndege si mahali pa kujifunzia. Toleo jipya la programu lipokee huko huko nyumbani, wala watoto wasiichezee kompyuta ya kazi, hata wakilia.

Hotelini, kubali kwanza ukurasa wa hoteli, washa VPN, ndipo ufungue mafaili. Kompyuta ya wageni iliyopo mapokezi usiitumie kabisa kwa kazi ya ofisi. Huenda ina programu inayonakili kila herufi unayobonyeza, na hapo VPN haikusaidii.

Kompyuta ikipotea, pigia ofisi simu saa ile ile, hata iwe usiku wa manane, jina lako lifungwe. Nambari ya simu ya fundi iandike katika karatasi na kuitia mfukoni. Wengi huihifadhi ndani ya kompyuta, nayo huenda pamoja na mwizi.