Elfu tatu za bahari, hata moja ya Mzee

Mahubiri ninayokuletea leo sikuyasikia madhabahuni. Niliyapata ndani ya simu yangu, usiku wa msiba.

Tulifiwa na mzee mmoja wa kanisani kwetu hapa Chumbageni. Kwa miaka mingi ndiye aliyefika wa kwanza kila Jumapili, akafungua milango, akapanga viti, kisha akasimama kizingitini kutupokea. Siku moja kabla ya maziko, binti yake alinifuata. "Kaka, wewe ndiye mpigapicha wetu. Tunaomba picha ya baba, tuiweke kwenye fremu na kwenye ratiba ya ibada."

Mimi si mpigapicha wa kazi. Ni wa ridhaa tu, napiga kwa kupenda, na watu hunisifu. Nikaketi uani kwangu nikaanza kupekua simu. Zilikuwamo picha zaidi ya elfu tatu. Mawio ya jua Raskazone. Ngalawa zikirudi Deep Sea na samaki wa alfajiri. Kisiwa cha Toten wakati wa maji kupwa. Mnara wa saa. Baiskeli imeegemezwa ukutani Ngamiani, picha ambayo ilishangiliwa sana na marafiki zangu. Mzee hakuwamo.

Usiku wa manane nikampata. Alikuwa nyuma ya bibi harusi, kwenye picha ya mwaka juzi, amebeba kiti anakipeleka mahali. Nikaikuza. Kadiri nilivyoikuza, ndivyo uso ulivyoyeyuka, hadi likabaki umbo refu la kijivu lenye mikono kama matawi. Familia ikaishia kutumia picha ya kitambulisho, ndogo kama kucha, iliyokuzwa mpaka ikafifia. Hakuna aliyenilaumu. Binti yake alinishukuru kwa kujaribu, na shukrani ile ilinichoma kuliko lawama.

Ndipo nilipokumbuka habari iliyomo katika Injili ya Marko, sura ya 8, kuanzia mstari wa 22. Pale Bethsaida, Bwana Yesu aliletewa kipofu. Akamshika mkono, akamtoa nje ya kijiji, akamtemea mate machoni na kumwekea mikono, kisha akamuuliza kama anaona kitu. Yule mtu akajibu kwa uaminifu: aliwaona watu, lakini walikuwa kama miti inayotembea. Bwana hakumwacha hapo. Akamwekea mikono mara ya pili, na sasa akaona kila kitu waziwazi.

Wapendwa, nilikuwa nimesimama katikati ya miujiza hiyo miwili. Nilikuwa naona, tena naona vizuri, mwanga na rangi na mistari ya mawimbi. Lakini watu wangu walikuwa miti tu, nao hutembea nyuma ya vitu vizuri ninavyopiga.

Wengi wetu tunadhani ubunifu ni kutafuta kitu ambacho hakijawahi kuonekana. Tunasubiri kamera ya bei kubwa, au safari ya mbali. Biblia inatuonyesha njia nyingine. Katika Kutoka 31, Mungu anamjaza Bezaleli roho yake ili afanye kazi ya dhahabu, ya fedha, ya mawe na ya miti. Vitu hivyo watu walikuwa wakivijua, na kazi yake ilikuwa kwa ajili ya hema ambako kusanyiko zima lingemwabudu Mungu. Kipaji kilitolewa kwa mmoja kwa faida ya wote.

Ukanda wetu huu unaye mfano wake. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alianza kupiga picha akiwa mvulana Dar es Salaam, kwa kamera ya boksi ambayo mwingine alikwisha kuitumia. Oktoba 1984 alikuwa Korem, Ethiopia, kwenye njaa kubwa. Picha zake zilipoonyeshwa na BBC, dunia iliyokuwa ikisikia tu habari za njaa iliona nyuso. Watu wakatoa, na Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid kukusanya fedha. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimkata mkono. Akarudi kazini na mkono wa bandia, mpaka alipofariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro. Yeye alikuwa bingwa, sisi ni wa ridhaa. Lakini kumsogelea mtu hakuhitaji ubingwa.

Tangu msiba ule nimejiwekea utaratibu mdogo, na nakushirikisha wewe ambaye una simu mfukoni. Kwanza, nachagua kona moja ya mtaa na kuirudia kwa mwezi mzima. Wiki ya kwanza unachoka. Wiki ya tatu ndipo unapoanza kuona kwamba saa moja asubuhi mwanga huingia kwa upande na kuchora kila mkunjo wa uso, na saa sita mchana huficha macho kwa kivuli. Pili, nasogea kwa miguu badala ya kuvuta picha kwa vidole. Tatu, ninapompiga aliyeketi, nami nachuchumaa, nisimtazame kwa kumshukia.

La nne ndilo kubwa: naomba kwanza. Neno letu "ridhaa" lina mambo mawili, mapenzi yangu ya kufanya na kukubali kwake yule mwingine. Mpigapicha wa ridhaa anazihitaji zote mbili. Kuna bibi auzaye vitumbua karibu na kwetu. Nimepita mbele yake miaka na miaka nikikimbilia bahari. Nilipomwomba alikataa, akasema hajavaa vizuri. Kesho yake nikamkuta na kanga mpya. Picha mbili za kwanza alikaza uso kama yuko polisi. Tukazungumza habari za wajukuu, na ya tatu akacheka.

Nikaenda kuisafisha, nikamletea. Aliishika kwa ncha za vidole kwa sababu ya mafuta, akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Sasa wajukuu watanijua."

Mpendwa, leo baada ya ibada usikimbilie kupiga maua ya madhabahuni. Mtafute yule anayefagia, anayepanga viti, anayeketi benchi la mwisho peke yake. Mwulize jina lake kama hulijui. Mwombe picha, kisha mpelekee. Na kama huna simu ya picha, mtazame mara ya pili, hata hivyo.

Bwana atuwekee mikono tena machoni. Jumapili njema.