Senti Moja Imetoka Wapi? Vile Apu ya Teksi Hukoroga Hesabu

Cheki hii, msee. Abiria ametua Moi International pale Changamwe, ameita teksi kwa apu. Tuseme safari ni kilomita 7.35 na kila kilomita ni bob 45. Nauli inakuwa 330.75. Nani Magongo anatembea na senti 75? Hata mfumo wa Daraja, ule unaounganisha apu na M-Pesa, abiria akilipa unataka shilingi nzima tu. So lazima apu ikadirie, yaani isukume namba hadi shilingi iliyo karibu: 331.

Noma inaanza kwa kugawa. Sheria za NTSA za 2022 zinasema kampuni ya apu isimkate dere zaidi ya asilimia 18. Kwa 330.75, kampuni inapata 59.535 na dere 271.215. Kadiria kila moja hadi senti: 59.54 na 271.22. Jumlisha sasa. 330.76! Senti imezaliwa na haina mama. Safari laki moja za hivyo ni thao nzima isiyo na mwenyewe.

Usicheke senti. Soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianzisha namba ya kupima bei mwaka 1982, ikaanzia 1000. Kila bei ikisonga, kompyuta ilikuwa inakata desimali zote baada ya ya tatu, bila kukadiria. Kufika Novemba 1983 ilisoma karibu 524, na hesabu safi ilikuwa 1098. Nusu imeyeyuka na hakuna mwizi.

Kompyuta yenyewe pia ina vituko. Inahesabu kwa 0 na 1, so 0.1 haiingii sawasawa, vile theluthi ikiandikwa kwa desimali haiishi. Uliza JavaScript 0.1 + 0.2, itakujibu 0.30000000000000004.

Unaunda apu? Shika haya matatu.

Kwanza, ganji iweke kwa senti, namba nzima: 33075. Ama kama uko kwa Kotlin, tumia BigDecimal.

Pili, kadiria upande mmoja tu, halafu utoe. Nauli ni 331, asilimia 18 ni 59.58. Ukipandisha hadi 60, umepita kiwango cha sheria. Ishushe iwe 59, dere abaki na 272. Jumla 331, hakuna kelele.

Tatu, angalia vile namba inaonekana. Mjerumani huandika 1.250 akimaanisha thao moja, soo mbili na hamsini. Dere wa Port Reitz akiona hiyo, ni bob moja na senti 25. Apu ikiachia simu ya mtalii iamue nukta na koma, hao wawili watagombana hapo parking. Amua wewe ndani ya programu. Na kama ni shilingi nzima, andika tu KSh 1250. Hakuna nukta, hakuna koma, kila mtu anasoma kitu kimoja.

Kila ukikadiria, kuna mtu unamuongezea na mwingine unampunguzia. Siku ingine ukishuka teksi, muombe dere muone mgao wake: yake jumlisha ya kampuni. Zikikosa kufika nauli uliyolipa, tayari unajua swali la kuuliza.