Je, Wajua? Samaki wa Mpakani na Hesabu Zao

Muulize anayepika
Mwaka 2018 watafiti waliochambua takwimu za ulaji wa kaya katika nchi 42 walikadiria kwamba samaki wa maji baridi wanaovuliwa wanazidi wale wa ripoti rasmi kwa asilimia 65 hivi! Hapa mpakani mwa Kenya na Uganda, ni kambare wa kinamasi na ngege wa mtego wa Mto Sio, wanaotoka majini hadi chunguni bila kuonja mzani. Chakula cha maelfu ya nyumba za Buhehe na Samia kinaweza kukosekana kabisa kwenye vitabu vya serikali.

Jua hula kilo
Dagaa, yaani omena kwa Wakenya na mukene kwa Waganda, ndio wanaoongoza kwa uzito miongoni mwa samaki wa Ziwa Victoria. Ufuoni huteremshwa wabichi. Sokoni Busia hupimwa wakavu kwa gorogoro. Jua likishawanyonya maji, uzito hushuka mara kadhaa. Karani akisahau kuandika "wabichi" au "wakavu", sehemu kubwa ya jasho la usiku kucha imepotea kwenye karatasi.

Sensa ya mitumbwi
Ziwa Victoria lina kilomita za mraba 68,800: Rwanda na Burundi zingeingia zote, na nafasi ibaki. Tangu 2000, Kenya, Uganda na Tanzania hushirikiana kuhesabu wavuvi, mitumbwi, nyavu na injini. Mara ya kwanza walipatikana wavuvi wapatao 129,000. Mwaka 2016 walikaribia 220,000. Ushirikiano huo ni wa lazima, kwani mvuvi anayelala Majanji leo na Port Victoria kesho angehesabiwa mara mbili, au asihesabiwe kabisa.

Samaki huitikia
Meli za utafiti hupeleka sauti majini na kusikiliza mwangwi wake, ambao hurudi hasa kutoka kwenye kibofu cha hewa kilicho tumboni mwa samaki. Kundi zima hukadiriwa bila wavu kulowa!

Mabwawa 28,000
Mwaka 2009 serikali ya Kenya iliazimia kuchimba mabwawa 200 ya kufugia samaki katika kila moja ya majimbo 140 ya uchaguzi, kila bwawa likiwa na mita za mraba 300. Kuhesabu mashimo ni rahisi. Lakini bwawa hukauka, vifaranga huliwa na ndege, chakula cha samaki hupanda bei. Kwa hiyo mdadisi hodari humuuliza mfugaji: ulivua lini mara ya mwisho, na ulipata kilo ngapi?