Mzee Anapojibiwa na Aliyemleta

Bibi anafika zahanati na mkono uliovimba. Muuguzi anamuuliza kwa Kiswahili, bibi anajua Kikurya tu. Anayejibu ni kijana aliyemleta: "Aliteleza bafuni." Huenda ni kweli. Huenda pia aliyempiga ndiye mkalimani wake.

Hali ya namna hii inaweza kumkuta muuguzi yeyote wa Tarime au Serengeti. Kwa Wakurya, wazee wa inchama, baraza lao la jadi, ndio wenye kauli juu ya mambo mazito kama misimu ya tohara, hivyo mgeni hudhani hakuna mzee anayeonewa huko. Lakini heshima hiyo haimfikii kila mwenye mvi. Mjane asiye na mtoto wa kiume hana wa kumsemea. Ndiyo sababu mojawapo ya nyumba ntobhu, ndoa ambayo mwanamke humwoa mwanamke mwenzake ili apate warithi na watu wa kumtunza uzeeni.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na zaidi hutendewa ukatili kila mwaka. Si kipigo tu. Kumtukana mzee, kuuza shamba lake bila ridhaa yake, kumnyima chakula au dawa, kumwita mchawi: yote ni ukatili.

Muuguzi ataujuaje? Michubuko peke yake haitoshi, maana ngozi ya uzeeni huchubuka kwa kuguswa tu. Lakini alama za vidole kwenye mikono yote miwili, vidonda vya kulala muda mrefu, maelezo yanayobadilika, au mzee anayemtazama aliyemleta kabla ya kujibu, vinataka swali la pili. Swali hilo aulizwe akiwa peke yake, na mkalimani awe mtumishi wa kituo, si ndugu.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bure kwa wazee wasiojiweza. Dirisha linalowahudumia wazee kituoni basi ni mahali pa kumtambua anayeteswa. Akitambuliwa, aelekezwe kwa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ambako hupewa PF3, fomu ya polisi ya matibabu.

Jirani naye asisubiri muuguzi. Ukijua mzee anateswa, mwone mtendaji wa kijiji leo.