Toa ngoma bila kukopa

Ngoma yako imeiva studio, lakini mfukoni umebaki na nauli ya matatu tu? Tulia. Mtandaoni kuna njia halali za kuisambaza, na zingine hazikuitishi hata shilingi.

Anza na Audiomack. Kufungua akaunti na kupakia wimbo ni bure. Ukitaka kuuza, jaribu Bandcamp: bei unapanga mwenyewe, nao hukata asilimia 15 ya mauzo ya dijitali. Pesa huingia PayPal, na tangu 2018 Mkenya anaweza kuzivuta hadi M-Pesa.

Labda kwa sasa unasaka jina, si doo. Basi toa wimbo kwa leseni ya Creative Commons: watu wausambaze bure, kisheria, mradi wakutaje. Nine Inch Nails walifanya hivyo 2008 na albamu ya Ghosts I–IV. Nyimbo 9 za kwanza zilikuwa za bure. Zote 36, ulilipa dola 5.

Lakini sikiza, msanii: uhalali unaanza na wewe. Biti uliyoichomoa YouTube si yako mpaka aliyeitengeneza akuruhusu. Na kama kuna prodyusa au rafiki aliyeimba kiitikio, andikianeni mapema nani anapata asilimia ngapi. Wimbo ukilala, hakuna anayeuliza. Ukishika, kila mtu atakumbuka alivyosaidia. Andika hiyo karatasi leo, kisha ndio upakie.